Shanga Nyekundu

Leo nimeshinda nyumbani na kitambaa cha kochi ambacho bibi alikiacha nusu. Maua mawili yameisha, la tatu bado ni mstari wa penseli tu. Bibi alikuwa akidarizi barazani baada ya alasiri, na kazi zake hazikutoka sandukuni ila siku ya Idi au akija mgeni wa heshima.

Vilikuwepo vitambaa vingine ambavyo hakuna mgeni aliyeviona. Vilikatwa kwenye kanga kuukuu, vikafuliwa usiku, vikaanikwa uani chini ya kanga nyingine ili baba na kaka zangu wasivione. Jua havikulipata. Somo yangu alinifundisha kuvikunja vizuri, lakini jambo lenyewe hakulitaja jina. Alisema "siku zako", basi.

Ndiyo maana kazi ya Sarah Naqvi haijanitoka kichwani tangu niione. Ni msanii wa Mumbai, aliyesomea ubunifu wa nguo katika chuo cha taifa cha usanifu kule Ahmedabad. Mwaka 2017, akiwa bado mwanafunzi, alichukua pedi akaidarizi kwa uzi mwekundu na shanga, doa la damu likawa linameta kama nakshi ya nguo ya bibi harusi. Picha zikasambaa, wako waliompongeza na wako waliomtukana. Mwaka huohuo pedi India zilitozwa kodi ya asilimia 12, ikaja kuondolewa Julai 2018 baada ya wanawake kupiga kelele. (Kwetu Tanzania iliondolewa 2018, ikarudishwa 2019. Sisemi kitu.)

Nami nilipoiona pedi ile nilikunja uso, nakiri. Kisha nikaanza kuhesabu saa alizokaa: shanga moja moja, sindano ikizama na kuibuka, juu ya kitu ambacho sisi hukifunga kwenye gazeti kabla ya kukitupa. Kwetu mtu hudarizi kofia ya mume, hudarizi foronya za harusi, vitu vya kutazamwa. Yeye ustadi uleule kaupeleka kule tunakoficha, na wala hakulipua kazi.

Jioni mpwa wangu wa miaka 12 amekuja kukaa karibu yangu, akaniuliza ua la tatu nitalishona rangi gani. Nimemwambia nyekundu. Amenitungia uzi, maana macho yangu siku hizi hayalioni tundu la sindano.