Nilivyolinganisha ukatili wa wenza nchi kwa nchi bila kupotoshwa na asilimia

Ushauri wa kwanza niliopewa ulikuwa niombe takwimu za polisi. Wa pili ulikuwa nichukue jedwali lolote linalopatikana mtandaoni, nipange nchi kuanzia ya juu hadi ya chini, nimalize. Wote wawili walionishauri ni watu wa takwimu, wanalipwa kwa kazi hiyo, na mpaka leo nikikumbuka nakasirika. Nilichotakiwa kutayarisha ni jedwali moja tu: kwa kila nchi, wanawake wangapi katika mia wamepigwa au kulazimishwa ngono na mume au mpenzi. Nililimaliza, likapita mikononi mwa wakaguzi wakali, na linatumika. Naeleza nilivyofanya kwa sababu naona kila anayeanza kazi hii anapewa ushauri uleule mbovu.

Takwimu za polisi nilizijaribu. Nilizikusanya kwa nchi kadhaa, nikazigawa kwa idadi ya wanawake, nikazipanga. Picha ikatoka kichwa chini miguu juu. Nchi ambazo mwanamke akienda kituoni anasikilizwa, anafunguliwa jalada na kupelekwa mahali salama zilionekana ndizo zenye wanaume wakatili kuliko wote. Zile ambazo anaambiwa arudi nyumbani wakayamalize na mumewe zilionekana zimetulia kabisa. Umoja wa Mataifa uliwahi kujumlisha tafiti za nchi nyingi ukaona kwamba katika sehemu kubwa ya nchi hizo, kati ya wanawake 100 waliofanyiwa ukatili, wasiofika 40 ndio hutafuta msaada wowote, na kati ya hao waliotafuta, wanaokwenda polisi hawafiki 10 kwa 100. Piga hesabu mwenyewe: wanawake 1,000 wamepigwa, wanaofika kituoni ni chini ya 40. Wengi wa waliobaki wamemwambia mama, dada au jirani, au hawakumwambia mtu. Jalada la polisi linapima polisi. Linatufaa kwa hilo, na ni muhimu, lakini siyo swali nililoulizwa.

Kwa hiyo ni lazima kwenda kwenye tafiti za kaya, ambako mdadisi anaketi na mwanamke na kumuuliza. Na hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, kwa sababu jibu linategemea sana namna ya kuuliza.

Ukimuuliza mwanamke kama amewahi kufanyiwa ukatili, wengi watakwambia hapana kwa dhati kabisa. Kofi moja wanaliita ugomvi wa kawaida. Kulazimishwa kitandani na mume wanakuita haki ya mume. Ndiyo maana dodoso zuri halitaji neno ukatili hata mara moja. Linataja vitendo, kimoja kimoja. Katika ule Utafiti wa Idadi ya Watu na Afya ambao umefanywa katika makumi ya nchi, mdadisi anauliza kama mume au mwenza amewahi kukusukuma, kukutikisa au kukurushia kitu. Kukupiga kofi. Kukusokota mkono au kukuvuta nywele. Kukupiga ngumi au kitu kinachoweza kukuumiza. Kukupiga teke, kukuburuta au kukutwanga. Kujaribu kukukaba au kukuchoma makusudi. Kukutishia au kukushambulia kwa kisu, bunduki au silaha nyingine. Halafu yanafuata ya ngono. Kila kitendo kikijibiwa ndiyo, kinafuata kingine: katika miezi 12 iliyopita imetokea mara nyingi, mara chache, au haikutokea? Mzizi wa mtindo huu ni kipimo alichokichapisha mwanasosholojia Murray Straus wa Marekani mwaka 1979. Kimelaumiwa kwa kuhesabu vitendo bila kutazama nani anamwogopa nani ndani ya nyumba, na lawama hiyo naikubali, lakini ule ubunifu wa kutaja kitendo badala ya jina la kosa ndio uliofungua vinywa.

Nikaanza kusoma ripoti kinyumenyume. Nafungua kiambatisho mwishoni penye dodoso, nalisoma lote, kisha majedwali, na muhtasari wa mbele nausoma baada ya yote. Mzee mmoja wa ofisini aliniambia, "Binti yangu, kurasa zote hizo utazisoma mpaka lini? Namba iko ukurasa wa kwanza." Nilimheshimu nikanyamaza, nikaendelea kusoma. Ripoti nyingi ni za bure, unachotumia ni bando na macho yako.

Kilichonipa nguvu ya kung'ang'ania ni Nicaragua, huko Amerika ya Kati. Mnamo miaka ya 1990 zilifanyika tafiti tatu katika nchi hiyo moja, zikipishana kwa miaka michache. Uliofanyika mji wa León ulikuta asilimia 52 ya wanawake waliowahi kuolewa au kuishi na mwenza wamepigwa naye. Uliofanyika mji mkuu, Managua, ukakuta 69. Ule wa kitaifa wa idadi ya watu na afya ukatoa 28. Nchi moja, kipindi kimoja, na namba ya juu ni zaidi ya mara mbili ya ile ya chini! Mtafiti Mary Ellsberg na wenzake walizichambua tafiti hizo katika makala ya mwaka 2001. Ndiyo, moja ilikuwa ya taifa zima na nyingine za eneo moja moja, lakini walionyesha kwamba tofauti kubwa hivyo inaelekea kutokana na wanawake kutosema: namna faragha ilivyolindwa, mara ngapi mwanamke alipewa nafasi ya kukumbuka na kueleza, na wadadisi walivyoandaliwa. Sasa fikiria mtu amechukua ile 28 akaiweka karibu na nchi jirani iliyopimwa kwa mtindo wa León, akatangaza Nicaragua ina afadhali. Nilitoa nakala ya makala hiyo nikawa natembea nayo. Kila aliyeniambia "namba ni namba" nilimwekea mezani.

Tangu hapo nikawa naitazama faragha kabla ya kuitazama asilimia. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa usalama mwaka 2001, na utafiti wake mkubwa uliotoka mwaka 2005 ulifuata mambo ambayo mtu wa ofisini hawezi kuyabuni. Katika kila kaya anahojiwa mwanamke mmoja tu, ili wengine wasijue alichoulizwa. Kwa jamii utafiti unatambulishwa kama wa afya na maisha ya wanawake, bila kutaja vipigo, kwa sababu mume akijua, mwanamke atalipia jioni. Mtu akiingia chumbani katikati ya mahojiano, mdadisi anahamia papo hapo kwenye maswali mengine yasiyo na hatari, kana kwamba ndiyo yaliyokuwa yakiulizwa. Wadadisi walifundishwa kwa wiki kadhaa. Serbia walilinganisha wanawake wasio wazoefu waliofunzwa vizuri na wadadisi wa siku nyingi waliopewa mafunzo mafupi, na hao wapya ndio walioambiwa zaidi. Meneja yeyote anayetaka kupunguza siku za mafunzo ili kubana bajeti asome hilo kwanza.

Kuna kadi moja siwezi kuisahau. Mwishoni mwa mahojiano ya utafiti huo mwanamke alipewa kadi yenye michoro ya nyuso mbili, mmoja unatabasamu na mwingine unalia. Swali lilikuwa kama kabla ya kutimiza miaka 15 kuna mtu aliyewahi kumshika au kumfanyia jambo la ngono asilotaka. Anaweka alama kwenye uso mmoja, anaitia kadi kwenye bahasha, anaifunga yeye mwenyewe. Mdadisi haoni. Karibu kila mahali, waliouwekea alama uso unaolia walikuwa wengi kuliko waliosema kwa mdomo. Hao ni watu waliokwisha kueleza mambo mazito ya ndoa zao kwa mdadisi huyohuyo, na bado kulikuwa na jambo lililobaki moyoni. Kila asilimia ya mambo haya isome kama kiwango cha chini.

Ujanja wenyewe uliookoa jedwali langu ni mdogo na ninajivunia. Kabla ya kuandika asilimia yoyote, nilijaza safu nne: nani aliulizwa, nani aliyetenda, vitendo gani, kipindi gani. Kila mchanganyiko wa majibu nikaupa rangi yake. Kisha nikajiwekea sharti: nchi mbili hazilinganishwi ila zikiwa na rangi moja. Jedwali nililokuwa nimeshauriwa kulichukua lilivyo mtandaoni likawa na rangi kama khanga za dukani. Palepale ikaonekana kwa nini lilikuwa linapotosha.

Tazama safu ya kwanza. Tuseme umewahoji wanawake 1,000, kati yao 700 wamewahi kuwa na mwenza, na 210 wamepigwa na mwenza. Ukigawanya kwa 700 unapata asilimia 30. Ukigawanya kwa 1,000 unapata 21. Wanawake walewale, vipigo vilevile. Tafiti nyingine huwahesabu waliowahi kuolewa tu na kuwaacha wenye wapenzi wasioishi nao. Nyingine huhoji wenye miaka 15 hadi 49, na bibi wa miaka 60 hayumo. Utafiti wa Umoja wa Ulaya, nitakaoueleza mbele, ulihoji wa miaka 18 hadi 74.

Safu ya pili inawanasa hata waandishi wa habari wazuri. Utafiti wa Idadi ya Watu na Afya wa Kenya wa mwaka 2022 unasema asilimia 34 ya wanawake wamefanyiwa ukatili wa kimwili tangu wakiwa na miaka 15. Mara kadhaa nimekuta namba hiyo ikinukuliwa kuwa ni vipigo vya waume. Siyo. Hiyo ni ya mtu yeyote: baba, mama wa kambo, mwalimu, mume. Ya wenza ina jedwali lake ndani ya ripoti hiyohiyo, lenye kundi tofauti la wanawake. Kuhusu vitendo, Marekani wana utafiti wao wa kitaifa wa kwa simu unaoingiza hata kufuatwafuatwa na kuwindwa na mwenza, kwa hiyo asilimia yake inapanda juu na haikai na nyingine. Niliiondoa.

Safu ya kipindi ndiyo iliyonifundisha zaidi. Makadirio ya Shirika la Afya Duniani yaliyotolewa mwaka 2021, yenye nchi 161, yanasema asilimia 27 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 waliowahi kuwa na mwenza wamefanyiwa ukatili wa kimwili au wa kingono naye maishani, na 13 katika mwaka uliotangulia mahojiano. Gawanya kwa maeneo. Australia na New Zealand: 23 maishani, 3 mwaka uliopita. Afrika kusini mwa Sahara: 33 maishani, 20 mwaka uliopita. Kwa kipimo cha maisha tofauti ni pointi kumi. Kwa kipimo cha mwaka, ni zaidi ya mara sita! Huko kwa kwanza wengi wa waliopigwa hawapigwi tena, huenda wametoka. Huku wengi wa waliopigwa bado wanapigwa, na kutoka kunahitaji kipato, sheria, na familia inayokupokea. Anayechagua safu moja tu ya kuonyesha, ya maisha au ya mwaka, amechagua pia hadithi atakayosimulia, na ndiyo maana nilikataa katakata kuiondoa mojawapo nilipoambiwa jedwali ni pana mno.

Usije ukadhani basi kila tofauti ni kosa la kupima. Huo nao ni uvivu. Wakala wa haki za msingi wa Umoja wa Ulaya ulihoji wanawake 42,000 katika nchi 28 kwa dodoso moja, ukatoa matokeo mwaka 2014. Denmark ilipata asilimia 32, Finland 30, Uswidi 28. Hispania, Poland na Austria zilipata 13. Nchi zinazosifika kwa usawa wa kijinsia zikawa juu. Jibu la haraka ni kwamba wanawake wa kaskazini wako huru zaidi kusema, na mimi nilikuwa tayari kuliandika. Lakini watafiti Enrique Gracia na Juan Merlo, walioandika kuhusu suala hili mwaka 2016, hawakuishia hapo. Baadaye wao na wenzao walipima kama maswali yalifanya kazi kwa namna moja Uswidi na Hispania, wakakuta yanalinganishika, na Uswidi ikabaki juu. Kwa hiyo chini ya jedwali niliandika kwamba tofauti hiyo ipo na maelezo yake hayajafungwa. Mkaguzi mmoja alitaka sentensi hiyo itoke kwa kuwa "inaleta maswali". Imebaki.

Kila asilimia niliiandika na upana wake, yaani kati ya namba ipi na ipi ukweli unakadiriwa kuwa. Ile 27 ya dunia iko kati ya 23 na 31. Nchi yenye 26 na yenye 29 haziwezi kupangwa nani zaidi, na aliyeniomba ramani yenye nchi "kumi mbaya zaidi" hakuipata. Nilimpa makundi, na orodha ya nchi zisizo na utafiti wowote wa kuaminika, kwa sababu kwenye ramani za rangi nchi hizo hupakwa kijivu na msomaji huzisoma kama salama, hata pale ambapo utafiti umekosekana kwa sababu ya vita.

Safu ya ukatili wa kisaikolojia niliiacha bila namba. Lengo namba 5 la Malengo ya Maendeleo Endelevu, kwenye kiashiria 5.2.1, linautaja pamoja na wa kimwili na wa kingono, lakini nchi hazijakubaliana ni matusi kiasi gani, vitisho gani na udhibiti gani wa simu na pesa uhesabiwe, na hata makadirio ya mwaka 2021 hayakuuingiza. Kichwa cha safu kipo, na maelezo ya kwa nini iko wazi yapo chini yake kwa maandishi ya ukubwa uleule wa jedwali.