Upepo wa tairi ukivuta tela: anza na uzito, macho yatakudanganya

Mtu anafika kwenye kompresa na tela nyuma, anasema "weka 32 kote", na fundi anazunguka magurudumu yote sita akiweka psi 32 (psi ndicho kipimo cha upepo). Kwa gari huenda ni sawa. Kwa tela hiyo ni njaa. Tairi lenye herufi ST mbele ya vipimo vyake ni la tela, na linabeba uzito wake kamili pale tu linapokuwa na upepo wa juu kabisa ulioandikwa ubavuni: psi 50, 65, hata 80. Wanaoonewa zaidi ni vitairi vya inchi 8 vya matela madogo. Udogo wao unadanganya, kumbe vipo vinavyodai psi 60 na vingine psi 90.

Upepo ndio unaobeba mzigo. Mpira, nyuzi na waya vinaufunga tu. Upepo ukipungua, ubavu wa tairi unakunjika kila linapogusa barabara. Tairi la rimu ya inchi 15, gari likiwa kwenye kilomita 90 kwa saa, linazunguka karibu mara 700 kwa dakika. Jaribu kukunja waya huku na huku mara chache tu uone unavyopata moto vidoleni. Moto huo huo ndio unaolegeza gundi kati ya tabaka za tairi, mpaka ganda la juu linabanduka na kupiga sakafu ya tela kama fimbo. Na dereva hasikii dalili yoyote mapema, kwa sababu usukani haujaunganishwa na magurudumu ya tela.

Sasa hesabu. Chukua tairi la ST205/75R15 lenye herufi C, yaani daraja la uwezo wake wa kubeba. Linabeba kilo 825 kwa psi 50. Tela lako na mzigo wake lina kilo 1,500, na shingo yake, ile sehemu ya mbele inayofungwa kwenye ndoano, inalalia gari kwa kilo 150, hivyo ekseli inabaki na 1,350. Gawa kwa mbili, unapata 675 kila tairi. Kwa psi 35 tairi hili linabeba karibu kilo 670, na mwenye haraka atasema imetosha. Lakini mzigo haukai katikati kwa adabu. Jenereta liko kushoto, magodoro yako kulia, na ukipima kila upande kwenye mzani unakuta kushoto 750, kulia 600. Tairi la kushoto limezidiwa kwa kilo 80 kabla hujatoka getini. Likiwa na psi 50 lingekuwa na akiba ya kilo 75. Kwa hiyo upepo wa ekseli unapangwa kwa upande mzito, kisha pande zote mbili zinapewa kipimo kile kile.

Kama hujapima kwenye mzani, msimamo wangu ni mmoja: tairi la ST lipe upepo wake wote wa ubavuni. Kushuka chini ya hapo kunaruhusiwa kwa jedwali la mtengenezaji wa tairi na uzito uliopimwa, na faida yake ni tela tupu kutorukaruka kwenye mashimo. Kwa matela yenye ekseli mbili zilizokaribiana nisingeshuka hata hivyo, maana kwenye kona kali matairi yake yanaburuzwa kwa ubavu, na upepo mwingi ndio unaozuia ubavu usipindwe mno.

Ukifunga tairi la gari dogo lenye herufi P kwenye tela, gawa uwezo wake kwa 1.1. Tairi lenye namba ya uwezo 95, yaani kilo 690, hapo linahesabiwa kilo 627.

Gari linalovuta lina kanuni yake. Kibandiko kwenye fremu ya mlango wa dereva mara nyingi kina safu mbili, ya mzigo mdogo na ya mzigo kamili. Ukivuta tela, fuata ya mzigo kamili. Matairi ya nyuma ndiyo yanayoumia, tena kuliko wengi wanavyofikiri. Zile kilo 150 za shingo zinakaa nyuma ya ekseli, kwa hiyo zinafanya kazi kama wenzo. Gari lenye mita 2.7 kati ya ekseli zake, na ndoano iliyo mita 1.1 nyuma ya ekseli ya nyuma, linaongezewa karibu kilo 211 nyuma na kupunguziwa 61 mbele. Ndiyo sababu mbele panakuwa pepesi na usukani unaelea. Kibandiko kikiwa na kipimo kimoja tu, angalia kitabu cha gari. Kanuni za Ulaya, kwa magari yanayoruhusiwa kuzidishiwa uzito ekseli ya nyuma yanapovuta, zinataka angalau bar 0.2 zaidi, yaani psi 3. Usiupite upepo wa juu ulioandikwa kwenye tairi lenyewe.

Vipimo vyote hivi ni vya tairi baridi: limesimama saa tatu au zaidi, au limetembea chini ya kilomita moja na nusu, na halijapigwa jua. Jua la ubavuni peke yake linatosha kukupa tofauti kati ya kushoto na kulia. Hali ya hewa nayo ina sehemu yake. Tairi uliloliweka psi 65 mchana wa nyuzi 30 litasoma kama 60 alfajiri ya nyuzi 12, bila pancha yoyote.

Tatizo ni kwamba kompresa iko mbali na tairi linafika kwake likiwa la moto. Njia ni hii: pima nyumbani asubuhi kwa geji yako mwenyewe, andika upungufu, kisha uuongeze juu ya kile utakachosoma kule. Nyumbani ulisoma 44 na unataka 50, umepungukiwa 6. Kwenye kompresa geji inasoma 48 kwa sababu ya joto. Jaza mpaka 54. Tumia geji ile ile nyumbani na kwenye kompresa, maana geji za kwenye kompresa zinaangushwa chini kutwa nzima. Ukimaliza, tia mate kwenye mdomo wa vali na utazame. Kikitokea kipovu kinachokua polepole, moyo wa vali haufungi. Kaza au ubadilishe kabla ya kurudisha kifuniko.

Vali zenyewe nazo zina kikomo. Ile fupi ya mpira ya magari madogo ni ya mwisho psi 65. Ukipandisha matairi kwenda ya psi 80, weka vali za chuma, na hakikisha rimu inaruhusu upepo huo.

Njiani, baada ya saa moja hivi, simama upime tena, safari hii ukitafuta tofauti. Tairi la psi 50 kusoma 55 mpaka 57 ni kawaida. USILIPUNGUZE. Ukilirudisha 50 likiwa la moto, kesho asubuhi litakuwa na 44 na utaanza safari ukiwa na deni. La kukutia wasiwasi ni tairi moja kupanda kuliko mwenzake: lilianza na upepo mdogo, au limebeba zaidi, au breki inashika. Sogeza mgongo wa mkono karibu na habu, kitovu cha gurudumu, bila kuigusa kwanza. Habu ya moto kuliko wenzake inamaanisha breki au beringi, na hapo upepo hautakusaidia.

Kwenye ekseli mbili, tairi moja likipasuka, la upande ule ule lililobaki limebeba karibu mara mbili kwa muda wote uliochukua kusimama. Lifungue, likaguliwe ndani. Likiwa na mikunjo au unga mweusi wa mpira ndani ya ubavu, halifai hata kama nje linang'aa.

Spea ijazwe kwa kipimo kikubwa zaidi kati ya matairi inayoweza kuziba pengo lake. Na ukishafungua tela, kesho yake asubuhi rudisha matairi ya nyuma ya gari kwenye kipimo cha kawaida, la sivyo yataliwa katikati na nyuma patateleza kwenye mvua.