Mjusi wa Tendaguru na kidole changu cha shahada

Brashi ya upepo, kile kifaa kidogo cha kupulizia rangi kwa hewa ya kompresa, ina kifyatulio kimoja chenye kazi mbili. Ukikibonyeza chini unatoka upepo mtupu. Ukikivuta nyuma, rangi inafuata, na kadiri unavyovuta ndivyo inavyozidi. Kwa maneno ni jambo la dakika moja. Kidole changu cha shahada, ambacho miaka yote kimezoea kubofya simu, hakijawahi kuombwa kufanya mambo mawili kwa wakati mmoja, na kinagoma.

Ninayempaka ni mjusi wa Tendaguru, yaani dinosaria wa shingo ndefu aitwaye Giraffatitan, wa skeli ya 1/72, mdogo mara 72 kuliko mwenyewe. Binamu yangu wa Dar es Salaam alimchapa kwa printa ya 3D, akamleta kwa basi akiwa vipande vipande ndani ya boksi la viatu. Kiunzi chake halisi kilichosimamishwa Berlin kina kimo cha mita 13.27, kwa hiyo huyu wangu anafika kama sentimita 18, na nyingi kati ya hizo ni shingo. Nilimwosha, nikapiga msasa sehemu zilizobaki na vinundu, nikampa praima, rangi ya msingi, ya kijivu. Halafu akakaa kabatini muda mrefu kuliko ninavyopenda kusema, kwa sababu niliogopa kumgusa.

Ushauri ambao kila mtu humpa mwoga ni mmoja: jiamini. Naona ni ushauri wa kijinga kidogo. Katika kazi hii woga una pande mbili, na upande mmoja una faida. Mtu mwoga hupuliza rangi kidogo kidogo, mkono mwepesi, anasubiri ukauke, anaongeza mwingine. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Anayejiamini mapema humimina, na rangi nyingi ikifika mahali pamoja kwa upepo mkali inasukumwa pembeni na kutoa miguu mirefu ya buibui. Mapango ya macho na mikunjo ya magoti hujaa rangi mpaka umbo linapotea.

Upande wa pili ndio unaoharibu. Mwoga hukaa mbali. Anapuliza kutoka umbali wa shubiri nzima na zaidi, na rangi inakauka hewani kabla haijafika, kisha inatua kama vumbi. Ukipitisha kidole unahisi ukwaruzo wa chokaa. Mwoga vilevile hukivuta kifyatulio kwa unyoya tu na kukiachia, kukivuta na kukiachia, na rangi ile kidogo inagandia kwenye ncha ya sindano, ile inayopita ndani ya brashi na kutokeza mdomoni mwake. Kwenye joto la Lindi, rangi za akriliki za maji huganda haraka ajabu. Sindano yangu ni ya milimita 0.3, haihitaji ganda kubwa ili izibe. Unavuta, hakuna kitu. Unavuta zaidi, ganda linachomoka na tone zima linaruka. Basi mwoga anapata uthibitisho kwamba aliogopa kwa haki, kumbe kilichomrushia tone ni woga wenyewe.

Kwa hiyo siku hizi nakaa na kijiti cha pamba kilicholowa, nafuta ncha kila baada ya muda mfupi, hata kama sioni sababu. Rangi naizimua mpaka iteleze kwenye ukuta wa kikombe kama maziwa, na ninaongeza matone machache ya dawa ya kuchelewesha kukauka. Upepo nauweka kati ya psi (kipimo cha mgandamizo) 15 na 20. Na sianzi kwa mjusi. Naanza kwa vijiko vya plastiki, vile vya kulia aiskrimu, kwa sababu vina mbonyeo upande mmoja na mgongo upande wa pili, na mwili wa mnyama ni hivyohivyo vitu viwili. Wageni wakija wanakuta vijiko vya rangi ya udongo vimepangwa dirishani, wanaangaliana, hawaulizi.

Jambo ambalo mafunzo mengi hulipitia juujuu, na kwetu pwani ndilo linalotawala, ni maji. Kompresa inaibana hewa, hewa inapata joto, halafu inapopoa ndani ya tangi na mpira unyevu wake unageuka matone. Hapa, hasa siku za kuelekea mvua, hewa yenyewe ukiikamua inatoa maji. Tone moja likipita kwenye brashi linaacha doa la duara katikati ya mgongo uliokuwa unakwenda vizuri. Unahitaji kichujio cha kunasa maji kwenye mpira, na kila ukimaliza kazi ufungue koki iliyo chini ya tangi, uyaache yatoke. Nina tangi dogo, na faida yake nyingine ni kwamba umeme ukikatika bado ninabaki na upepo wa kumaliza sehemu niliyoishika, na hata wa kusafishia. Kusafisha, kwa taarifa yako, ndiyo nusu ya kazi. Nozeli, kimdomo kinachotoa rangi, ni ndogo kuliko punje ya mchele, kwa hiyo naifungulia juu ya kitambaa cheupe na feni nimeizima.

Aliyeninyoosha mkono kweli ni baba mdogo. Yeye ni fundi rangi wa magari, na hajawahi kupaka kitu kinachoenea kiganjani. Nilimpigia kumuuliza kuhusu kompresa, akaja mwenyewe jioni.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Hiki ndicho kinachokutoa jasho?"

Akakiangalia kipimo cha upepo, akacheka. Psi 15 kwake ni pumzi ya mtoto. Lakini aliponitazama nikipuliza kijiko hakucheka tena. Aliniambia upepo utangulie na upepo umalizie: bonyeza kwanza, ndipo uvute, rudisha rangi kwanza, ndipo uachie. Kisha akasema mkono uanze kutembea nje ya bodi na usimame nje ya bodi, rangi isianzie wala kuishia juu ya kitu chenyewe. Ndivyo wanavyopaka mlango wa gari. Nikajaribu kwa mjusi, kuanzia hewani mbele ya pua, shingo nzima, hadi hewani nyuma ya mkia. Mstari ukatoka umelingana.

Rangi gani sasa? Hapa ndipo nilipopata nafuu. Mifupa haitunzi rangi ya ngozi. Wajerumani walichimba Tendaguru, kama kilomita 60 kutoka hapa mjini, kuanzia 1909 hadi 1913, na watu wa huku wakaibeba mifupa vichwani na mabegani hadi bandari ya Lindi. Boheti bin Amrani, aliyekuwa msimamizi wa wachimbaji, ana mjusi aliyepewa jina lake mwaka 2007, Australodocus bohetii. Pamoja na hao wote waliomshika, hakuna aliyepata kuiona ngozi ya mnyama huyu. (Mjadala wa arudishwe au abaki Berlin siuingii leo; kila nikiuingia rangi inakauka kikombeni.) Wachoraji wengi humpa kijivu cha tembo. Anayepaka modeli ya ndege ya vita huwa na watu wa kumsahihisha ni kijani kipi hasa. Mimi nani atanisahihisha?

Nimechagua wekundu wa udongo wa huku kwetu, mgongo ukiwa umekolea na tumbo limepauka, mpangilio unaouona kwa jodari pale feri: juu giza, chini weupe. Tembo hana tofauti hiyo, najua, na mnyama wa ukubwa huu pengine hakuwa na haja ya kujificha. Lakini brashi ya upepo imeumbwa kwa ajili ya mpito wa aina hiyo, rangi moja kuyeyukia nyingine bila mpaka, na nilitaka kidole kijifunze hapo.

Miguu bado, na upande wa ndani wa mapaja ni mgumu kufikika. Baba mdogo hupita kila akitoka gereji, na tumeshagombana kuhusu vanishi. Mimi nataka isiyong'aa, kwa sababu mnyama wa sentimita 18 aking'aa anaonekana sanamu ya plastiki. Yeye anasema kitu kisichong'aa hakijapakwa, mteja angekirudisha siku hiyohiyo. Tumeafikiana macho na kucha ziwe zake, ang'arishe anavyopenda. Mwili ni wangu.