Bora tuchezeshe droo tu

Nimetoka kusoma maandiko ya watu wanaoomba fandi ya utafiti, kazi yangu ilikuwa kuyapa alama, na kusema kweli ni rahisi kwenye ncha mbili tu. Mabovu unayajua mapema, makali nayo yanajitangaza yenyewe. Shughuli iko hapo katikati, maandiko mazuri tu, watu wanajua wanachofanya, hela haiwatoshi wote, sasa huyu nampa 4 na yule 4.5 kwa sababu gani hasa? Kwa vile huyu nilimsoma asubuhi kichwa kikiwa freshi na yule usiku nasinzia? Au kwa vile anatumia mbinu ninazotumia mimi? Alafu hiyo nusu alama ndo inaamua nani anaendelea na utafiti na nani anarudi kuandika andiko lingine, na tunamwandikia maelezo mazito kana kwamba kuna mzani tulitumia.

Na tunavyopenda kitu cha uhakika sasa! Kila fomu inataka matokeo ya awali, yaani fandi ya kuanza utafiti unaipata ukishauanza (ulianza kwa hela ya nani, usiulize). Mwanasayansi Katalin Karikó alihangaika na mRNA (molekuli inayobeba maelekezo ya kutengeneza protini, ndo iliyotumika kwenye baadhi ya chanjo za korona) miaka ya 90, maombi yanakataliwa tu, 1995 chuo chake kikamshusha cheo, 2023 akapewa Nobel ya tiba pamoja na mtafiti mwenzake Drew Weissman. Na waliomkataa hawakuwa wajinga, nadhani walikuwa watu kama sisi wenye rundo la kusoma na tarehe ya mwisho.

Ndo maana nimehamia kwa wanaosema hapo katikati ichezeshwe bahati nasibu. Sio utani, baraza la utafiti wa afya la New Zealand lilianza 2013 kwa fandi zake za mawazo mapya, wahakiki wanaangalia kama wazo linawezekana na lina upya wa kweli, yaliyopita yanaingia kwenye droo. Mfuko wa taifa wa sayansi wa Uswisi nao tangu 2021 unachezesha droo pale maombi yanapolingana na haiwezekani kuyatenganisha kwa hoja. Wahakiki bado wanafanya kazi, ila hawalazimishwi kujifanya wanaona tofauti ambayo haipo.

Mwenzangu mmoja anasema hiyo ni dharau, mtu kahangaika na andiko lake alafu unamchezea droo. Mi naona kinyume, ukikosa kwa droo angalau hutabomoa wazo lako zuri kumfurahisha mhakiki ambaye hata mwakani hatakuwepo.

Kinachonipa shida ni kitu kingine. Tukikubali kuwa fandi nyingi ni bahati, basi kamati za kupandisha vyeo nazo ziache kuzihesabu kama kipimo cha akili, na hapo maprofesa watagoma kweli kweli, mimi nikiwemo, maana zangu nimezipanga juu kabisa kwenye sivii.