Popo wa darini wamesikika, kihisio cha sauti nimekitupa

Jana baada ya Maghrib nimewasikia, kwa chombo nilichojitengenezea cha kushusha milio ya popo, iliyo juu mno kwa sikio la mtu, hadi isikike! Chap… chap… chap, kama bomba linalovuja ndani ya ndoo, kisha mmoja akashuka karibu na taa ya barabara na milio ikashikana: prrrrt. Mdudu kashaliwa.

Wiki tatu chombo kilikuwa bubu. Kila jioni niko juu ya nyumba, hapa Mji wa Kale, nawaona wakidondoka mmoja mmoja kutoka chini ya mabati (mabawa yao ni marefu na membamba, lazima waanguke kwanza ndipo wapate kasi), na masikioni hamna kitu. Nililehemu upya mara mbili. Nikabadilisha betri. Nikagombana na muuza vipuri, maskini, hana kosa.

Kilichonipoteza ni funguo. Nikizitingisha, chombo kinalia vizuri, basi nikaamini ni kizima. Kumbe funguo zinatoa kelele za kila aina, za chini na za juu, hata kiziwi nusu atasikia. Na kihisio changu kilikuwa kile cha kupimia umbali, chenye macho mawili: kimetengenezwa kwa kilohezi 40 (mitetemo 40,000 kwa sekunde), ukitoka hapo kidogo tu hakisikii. Hawa wa darini ni Mops pumilus, popo wa gramu kama 10 mwenye mkia uliochomoza, na mlio wake uko karibu na kilohezi 25. Anawinda juu, peupe, na sauti ya chini ndiyo inayofika mbali. Ya juu humezwa na hewa. Nilikuwa nabisha hodi nyumba ya jirani.

Sasa mahali pake nimeweka maikrofoni ndogo kama punje ya mchele. Nimeunguza mbili kabla ya kufaulu. Chuma cha kulehemu kisichodhibiti joto kazi yake ni kuziba masufuria, msinibishie.

Mpango ulikuwa kukitengenezea chombo sanduku, nianze kuwahesabu wakitoka. Lakini dada ana migomba Mtwapa, na popo wa migomba, wa gramu kama 4, hulala ndani ya jani changa lililojikunja, akijishikiza kwa vinundu vya ngozi kwenye vidole gumba na nyayo. Jani likifunguka, siku moja au mbili, anahama. Mlio wake uko karibu na kilohezi 70! Sanduku lingoje. Chombo nimekitia kwenye kopo la maziwa ya unga, Jumamosi napanda matatu.