Siitumi sehemu ya kwanza kabla sijaandika ya mwisho

Tangu nitangaze kwamba hadithi yangu mpya, ninayoiuza na kuituma sehemu kwa sehemu WhatsApp, itaanza kutoka msimu wa korosho ukifika, ujumbe haukatiki. Watu wa Masasi, wa Newala, hata mmoja aliyeko Msumbiji, wote wana alosto, ile hamu ya kutaka kusoma, na wote wanauliza jambo moja: kama sehemu za mwanzo ziko tayari, kwa nini usitutumie tukaanza kusoma?

Situmi mpaka niwe nimeandika ya mwisho. Hadithi ya WhatsApp ikishatoka imetoka. Ukimuua mtu sehemu ya tano, ukafika ya ishirini ukamhitaji mahakamani akatoe ushahidi, utafanyaje? Wapo wenzangu wanaoandika usiku na kutuma asubuhi, na wengine wanaweza kweli. Lakini msomaji humjua mwandishi asiyejua anakokwenda: kila siku anaingia mtu mpya, vurugu zinaongezeka, kisa kimesimama palepale. Aliyetoa hela yake anastahili kisa chenye mwisho.

Nikishamaliza kuandika, ndipo naenda barazani kwa wifi yangu, hapahapa Mikindani. Yeye hubangua korosho nyumbani. Anazichoma kwenye debe lililotobolewa mpaka maganda yashike moto, anauzima kwa mchanga, kisha anakaa na jiwe lake, vidole kavipaka majivu ili mafuta ya maganda yasimbabue. Mimi nakaa pembeni na simu, namsomea. Simuulizi maoni, nasikiliza jiwe. Likigonga kwa mwendo uleule, najua sehemu hiyo haijamshika. Likisimama, naweka alama.

Juzi nilimsomea pale mama anapofungua sanduku la mwanawe aliyefariki. Nilikuwa nimeieleza huzuni yake aya nzima, na jiwe likaendelea kugonga. Nilipofika kwenye shati ambalo kifungo chake kimoja kimeshonwa kwa uzi wa rangi nyingine, likasimama.

"Wifi, nani alimshonea hicho kifungo?" akaniuliza.

Aya ya huzuni nimeifuta yote. Shati limebaki, na swali lile sasa analiuliza mama mwenyewe, akiwa bado kapiga magoti mbele ya sanduku. Kuanzia hapo sehemu tatu zilizofuata nimeziandika upya, maana swali likishaulizwa lazima lijibiwe.

Hadithi za simu mara nyingi husomwa na mmoja, wengine wakisikiliza, kwa hiyo sikio ndilo la kuridhishwa kwanza. Huku kusini jambo hilo si geni. Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi alipotaka kusimulia Vita vya Majimaji, vilivyopiganwa 1905 hadi 1907, alitunga utenzi: mizani 8 kwa mstari, mistari 4 kwa ubeti, na kina cha mwisho kinachorudi ubeti hadi ubeti. Hata asiyejua kusoma, akisomewa, anafuata. Mimi si mshairi, ila sentensi inayonikata pumzi kabla haijaisha naigawa mara mbili.

Kuhusu hela, natoza kwa sababu hii ni kazi. Minada ya korosho ikianza Oktoba na wakulima wakilipwa, wasomaji wangu hulipia hadithi nzima kwa mkupuo. Miezi ya kupuliza dawa kwenye mikorosho hela yote iko shambani, basi muda huo mimi naandika.

Kinachoniuma ni mtu kununua, kufuta jina langu, halafu kumwaga hadithi kwenye magrupu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inailinda kazi ya mwandishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake, na haisemi lazima kiwe kitabu kilichopigwa chapa. Kilichoandikwa kwenye simu nacho kimo. Nikimjua aliyesambaza, namwandikia faraghani, kwa heshima, nikimtajia bei. Wapo waliolipa na sasa ni wasomaji wangu wazuri kabisa.

Basi mlio na alosto vumilieni. Zimebaki sehemu za mwishoni ambazo wifi hajasikia, na moja, ile ya baharini, sijaridhika nayo hata kidogo. Bei ni ileile ya msimu uliopita. Anayetaka kulipa kidogo kidogo kabla ya minada aniandikie tu, nitamwekea jina lake kwenye daftari.