Yuko njiani

Leo siku ya sita, na bado najibu swali ambalo Jumamosi nilishalijibu.

Mzee alitoka barazani kwake Mikindani na kanzu nyeupe, kofia ya viua, koti kalitupia begani. Nikamwamkia. Akaitika marahaba, akamtazama mtoto mgongoni kwangu, akautazama mfuko wa kamera, kisha akatazama barabarani nyuma yangu.

"Mwanangu, mpiga picha mwenyewe anafika saa ngapi?"

Nami nikasema: "Yuko njiani, babu."

Basi. Nimeyarudia maneno hayo nikifua, nikikuna nazi, nikikata pasipoti saizi pale dukani. Juzi yalinitoka kwa sauti mteja akiwa mbele yangu, akaniuliza nani huyo yuko njiani.

(Dada yangu kajifungua mapacha hospitali ya Ligula, wote wazima, na Baba Nasra kaitwa tena bandarini kwa msimu wa korosho. Hayo siku nyingine.)

Swali halikuniuma. Kusema kweli, hata mimi ningeuliza. Kaona mwanamke wa kandambili, kavaa mbeleko, jasho la bajaji bado halijakauka. Wapiga picha anaowaona kwenye harusi ni vijana wa fulana nyeusi wanaokuja wawili wawili, mmoja kazi yake kushika taa tu. Mimi dada wa kazi kaondoka tangu mwezi uliopita. Nasra na Idrisa niliwaacha kwa mama, Chikongola, lakini huyu mdogo hakai na mtu. Kwa hiyo mzee hakukosea kitu.

Kinachonichoma ni jibu langu. "Ni mimi, babu." Maneno matatu, hata pumzi hayamalizi. Huyo mtu wa njiani nilimtoa wapi? Na mbona nilimtaja kwa heshima vile, kama bosi wangu?

Halafu uongo ukishautoa lazima uulishe. Mzee akarudi ndani kupumzika na joto, mimi nikabaki barazani na mfuko wangu, siwezi hata kuufungua, maana nikitoa kamera nimejiumbua. Nikashika simu, nikajifanya nasoma ujumbe. Na mwanga nauona unakwenda. Mwanga ule niliuchagua mwenyewe! Niliwapigia siku mbili kabla, nikawaambia kwa sauti ya kitaalamu kabisa kwamba tuanze saa kumi na moja kasoro, jua likiwa limelala, kabla ya hapo linatia vivuli machoni. Kwa dakika kama ishirini nikawa nimekaa chini ya Boma la Wajerumani, nyumba iliyosimama tangu 1895, namsubiri mimi mwenyewe nifike.

Binti wa mzee akatokea na glasi ya juisi.

"Dada, mbona hamjaanza?"

Sauti ikatoka ndani: "Tunansubiri npiga picha!" (Mzee anatamka hivyo, kama wazee wetu wote wanavyosema Ntwara.)

Binti akanitazama. Mimi nikaitazama juisi.

"Baba, si huyu hapa?"

Mzee akatoka, safari hii bila koti. Akanikagua upya kuanzia kwenye kandambili. "Kumbe ameshafika," akasema, akaketi kwenye kiti. Hakucheka. Angecheka ningepona siku ile ile.

Mikono ikawa inanitetemeka. Nimempiga picha 14 mbele ya ukuta wa chokaa, na zote 14 zimeharibika kwa kosa ninalolijua kuliko ninavyolijua jina la baba mkwe. Kipimo cha kamera hakijui ukuta wala kanzu, chenyewe kinataka kila kitu kiwe kijivu cha wastani. Kikiona weupe mwingi kinadhani mwanga umezidi, kinaupunguza, na anayeumia ni mwenye uso mweusi. Dawa yake ni kupima mwanga usoni kwa mtu, au kuongeza mwanga hatua moja kwa mkono. Nimemweleza Baba Nasra jambo hili mara tatu mpaka akasinzia. Nimemaliza mabando ya usiku kwa ajili yake tangu nilipoinunua hii Canon ya mtumba kwa hela ya kikoba. Na bado: kanzu kijivu, ukuta kijivu, mzee kazama gizani.

Mdogo akaanza kulia, nikaomba tuhamie mlangoni niweze kumnyonyesha kidogo. Nilipomfunga tena mgongoni jua lilikuwa limekwisha, umebaki ule mwanga laini unaoingia kwa ubavu. Nikaifungua lenzi ya milimita 50 mpaka 1.8, tundu lake wazi kabisa. Sikuwa na namna nyingine. Mzee hakunitazama mimi, alimtazama mtoto juu ya bega langu, wanakodoleana macho kama watu wanaodaiana. Nikabonyeza.

Jicho la karibu limekaa kama sindano, sikio limeshaanza kuyeyuka. Kila mkunjo unaonekana na hakuna hata mmoja uliokaa vibaya. Ndiyo picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga, hata ile ya mvuvi wa Shangani mliyoisifia. Na msiniandikie hapo chini kwamba ndiyo maana, kwamba kuchelewa kule kulikuwa na heri yake. Ningeweza kuibadilisha na yale maneno matatu, ningeibadilisha? Ningeibadilisha. Hapana. Niacheni.

"Ungemwambia tu," alisema Baba Nasra. Asante sana. Nilimnunia mpaka Jumatatu.

Jumatano nikawa nakagua madaftari. Nasra wameambiwa waandike habari za familia. Kaandika: "Baba yangu anafanya kazi bandarini. Mama yangu ana kamera." Mwalimu kaweka vema. Nikaisoma mara mbili. Ana kamera, kama mtu anavyokuwa na pumu. Nikamwuliza mbona hukuandika mama ni mpiga picha? Akanionyesha: mstari uliisha.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Sijacheka hivyo tangu nilipokwenda kwenye ile harusi ya Chuno bila memori kadi, na siku ile kicheko kilikuja baada ya mwezi.

Jana nikapeleka picha. Nilizisafisha sita, nikaitia na ile ya mlangoni mwisho kabisa, chini ya zote, kwa uoga. Binti kachagua ya familia nzima, sawa, ndiyo waliyoitaka ya ukutani. Mzee alizipitia moja moja taratibu, akifika mwisho anaanza tena. Akaitoa ile ya mlangoni, akaiingiza katikati ya msahafu wake, hakusema nzuri wala mbaya. Akahesabu elfu arobaini, akanipa.

"Mfikishie mpiga picha."

Uso mkavu kabisa. Mpaka sasa sijui kama alikuwa ananitania au kasahau. Binti yake alikuwa jikoni, hakuna wa kumwuliza.

"Nitamfikishia, babu," nikasema.

Nimecheka kwenye daladala mpaka mjini, mtoto naye anacheka asichokijua. Simu zimeanza kuingia pia, tatu tangu juzi. Korosho zikilipwa watu hukumbuka sura zao. Mmoja anataka picha na mke wake, kasema tusimwambie mke kwanza, na mimi sijaelewa nitampigaje picha mtu asiyejua.

Ila usiku huu silali vizuri kwa sababu ya mnazi wa jirani. Umeinama upande wa chumba cha watoto, na tangu juzi naona umeinama zaidi, au ni macho yangu. Kaskazi umeanza kuvuma na mvua haziko mbali. Mwaka 2019, kimbunga Kenneth kilipotupita kikaenda kutua Msumbiji, mnazi ule ulikuwa bado umesimama wima, nakumbuka, tulifunga kamba ya nguo pale. Nimemwambia jirani mara mbili. Anasema bado unazaa.